Okidi ya Amani na Wapagazi wa Kariakoo: Majina kama Kumbukumbu ya Kihistoria

Insha hii inalinganisha majina mawili yaliyozaliwa katika enzi ya ukoloni: amaniensis, jina la okidi ya msituni, na Kariakoo, jina la kitovu cha biashara cha Dar es Salaam. Hoja kuu ni kwamba kila jina limehifadhi sehemu ya historia na kuificha sehemu nyingine, hivyo ni vema majina hayo yasomwe kwa pamoja.

Rangaeris amaniensis huota juu ya matawi ya miti katika misitu ya milimani, bila kuunyonya mti unaoibeba. Maua yake meupe yana mrija mrefu wa nekta. Mtaalamu wa Kijerumani Fritz Kränzlin aliipa jina la Amani, mahali palipo katika milima ya Usambara Mashariki ambapo serikali ya kikoloni ilianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902. Kabla ya hapo, kazi ya kujaribisha mimea ilikuwa imeanza Dar es Salaam, makao makuu ya koloni tangu 1891, katika bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1893 na ambayo ingali katikati ya jiji.

Safari za bara za wakati huo, zikiwemo za kukusanya mimea, zilitegemea mabega ya wapagazi. Hata hivyo, desturi ya sayansi ilikuwa kuandika kwenye sampuli jina la mkusanyaji, mahali na tarehe. Aliyebeba mzigo hakuandikwa.

Kariakoo inatoa ushahidi wa upande wa pili. Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916, eneo hilo lilitumiwa kuwa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi. Wakazi walilitamka jina hilo kwa matamshi yao, nalo likadumu hata baada ya eneo kuwa soko. Makumi ya maelfu ya wapagazi walifariki katika vita hivyo, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la soko limekumbuka kazi yao kwa ujumla, lakini halikumtaja hata mmoja wao.

Kumbukumbu za maandishi nazo hazikusalimika. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943, mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hebaria ya Berlin, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, pamoja na sampuli nyingi za okidi za Afrika Mashariki. Mkusanyo wa Amani ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kwa hiyo mtafiti wa Dar es Salaam anayechunguza historia ya mimea ya Usambara hulazimika kuufuata ushahidi wake nje ya nchi.

Inahitimishwa kwamba okidi ilipewa jina la kituo cha watawala, ilhali soko lilipata jina lake midomoni mwa wakazi. La kwanza linamwelekeza mtafiti kwenye taasisi. La pili linamrudisha kwa watu ambao taasisi hizo ziliwatumia bila kuwaandika. Historia ya sayansi nchini Tanzania itabaki pungufu endapo itategemea lebo za sampuli peke yake.