Saratani Isafiriyo na Ilmu ya Kuitambua

Mnamo mwaka 1889, Stephen Paget, tabibu mpasuaji wa London, alizipitia taarifa za wanawake 735 waliofishwa na saratani ya matiti, akabaini jambo ambalo wenzake walilipuuza: kwamba maradhi hayo, yaliachapo titi na kuenea mwilini, hayatui popote kwa bahati nasibu, bali hulivamia ini mara nyingi mno kuliko bandama, ilhali viungo vyote viwili hupata damu. Akanena kuwa seli za saratani ni mfano wa mbegu, ambazo hata zikitawanywa kila upande haziwezi kuota ila katika udongo uzikubalio. Lakini swali la kila mgonjwa, kama uvimbe wake yeye utasafiri au utatulia, Paget hakuwa na njia ya kulijibu, wala wengi waliomfuata.

Kwa kukosa jawabu, matabibu walipima ukubwa wa uvimbe, wakahesabu tezi za kwapani zilizoingiliwa, wakazikagua seli kwa hadubini. Na kwa kuwa vipimo hivyo havikuweza kuwapambanua wagonjwa wawili waliolingana kwa dhahiri, aghlabu wote walipewa tibakemikali, na wengi wao, nalo ndilo lihuzunishalo zaidi katika kadhia hii nzima, walinyonyoka nywele na kudhoofika kwa ajili ya maradhi ambayo kisu kilikwisha kuyaondoa.

Mwaka 1987, huko Marekani, Dennis Slamon na wenzake walichunguza uvimbe wa wanawake 189, wakakuta kwamba ambao jeni iitwayo HER2 imezidi nakala zake walirudiwa na maradhi mapema na kufariki mapema. Dawa ya kuikabili alama hiyo, trastuzumab, iliidhinishwa mwaka 1998.

Ama Amsterdam, katika taasisi ya saratani ya Uholanzi, palikuwa na hazina ya aina nyingine: vipande vya uvimbe vilivyogandishwa miaka mingi nyuma, pamoja na habari za yaliyowasibu wenyewe baadaye. Laura van 't Veer na wenzake waliteua wanawake 78 wenye umri chini ya miaka 55, ambao tezi zao za kwapani zilikuwa safi. 34 kati yao saratani ilikuwa imewaenea kabla ya miaka 5 kutimia, na 44 walikuwa wamesalimika. Waliitoa RNA ya kila kipande, wakaitia rangi ing'aayo, wakaimwaga juu ya kioo chenye vidoa vya jeni kama 25,000, kisha wakasoma mng'ao wa kila kidoa, uonyeshao jeni hiyo yafanya kazi kiasi gani. Na kutokana na wingi huo wakachuja jeni 70 zilizotosha kuyatenga makundi yale mawili. Matokeo yakachapishwa mwaka 2002.

Jaribio kubwa la Ulaya la kupima jeni hizo 70, lililohusisha wanawake 6,693, lilitoa habari zake mwaka 2016: miongoni mwa wale ambao vipimo vya zamani viliwatia hatarini ilhali jeni zao ziliwapa amani, asilimia 94.7 ya wasiopewa tibakemikali walitimiza miaka 5 bila saratani kuenea mbali. Habari za mwaka 2021, hata hivyo, zilionyesha kuwa waliokuwa na umri usiozidi miaka 50 walinufaika kiasi kwa tibakemikali; na wataalamu wengi hudhani kuwa pengine manufaa hayo yatokana na dawa hizo kuzizima ovari, jambo ambalo likithibitika, mama kijana ataweza kutibiwa kwa dawa za kuzizima ovari peke yake.