Kiti cha Afrika Barazani

Wazee wetu husema, Asiyekuwapo na lake halipo. Lakini historia yatufundisha neno la pili: mtu aweza kuwapo, na lake lisisikilizwe.

Mwaka 1936 Mfalme Haile Selassie wa Habeshi alisimama Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa. Nchi yake ilikuwa mwanachama tangu mwaka 1923, nayo ilikuwa imekwisha kutekwa na Italia. Aliomba msaada, mwezi uliofuata, hata vikwazo walivyokuwa wamewekewa Waitalia vikaondolewa.

Baada ya vita kuu ya pili, mwaka 1945, uliundwa Umoja wa Mataifa, na ndani yake Baraza la Usalama, ndilo liamualo mambo ya vita na amani. Viti vilikuwa 11. Vitano vilikuwa vya kudumu, vya Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na China. Kila moja ikapewa kura ya turufu, yaani ikikataa moja, shauri limeanguka. Wanachama wa kwanza walikuwa 51, na katika hao wa Afrika walikuwa wanne tu: Misri, Habeshi, Liberia na Afrika ya Kusini, iliyotawaliwa na Wazungu wachache. Wengi wetu tulisemewa na watawala wetu.

Mwaka 1960 nchi 16 za Afrika ziliingia pamoja. Ndipo mwaka 1963 mataifa ya Afrika na Asia yalipodai viti viongezwe. Kura 97 zilikubali, 11 zikakataa. Ufaransa na Urusi zilikataa. Marekani na Uingereza hazikuwa upande wowote. Walakini kufika mwaka 1965 wakubwa wote watano waliridhia. Viti vikawa 15, na Afrika hupata vitatu, vya miaka miwili tu.

Mwaka 2005 Umoja wa Afrika ulipatana kudai viwili vya kudumu, pamoja na kura ya turufu, na vitano vya muda. Hata leo cha kudumu hatuna, ingawa mashauri mengi ya baraza hilo ni ya vita vya kwetu, kama Sudan na Kongo.

Basi tusikate tamaa, wala tusiwalaumu wageni peke yao. Sisi wenyewe hatujapatana ni nchi zipi zitakazovikalia viti hivyo. Mwaka 1963 wanyonge walishinda kwa kuwa walisema neno moja.