Nyimbo Katika Nyumba ya Kupanga

Mwaka 1993, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz, Rob Lord na Jeff Patterson, walifungua hifadhi ya nyimbo kwenye intaneti wakaiita Internet Underground Music Archive, kwa kifupi IUMA. Patterson alikuwa na bendi yake, The Ugly Mugs, isiyo na mkataba na kampuni yoyote. Kupakua wimbo mmoja kwa laini ya simu ya siku zile kulitaka subira ya kweli. Hata hivyo bendi zilimiminika, maana sasa wimbo uliweza kumfikia msikilizaji wa mbali bila kupita kwa mchapaji wa santuri, msambazaji au mtangazaji wa redio. Watatu hao ndio waliokuwa wakiamua nani asikike.

Haikuchukua muda jambo hilo likageuka biashara. MP3.com, kampuni ya Michael Robertson huko San Diego, ilimruhusu msanii yeyote kupakia nyimbo zake bure, na baadaye ikaanza kumlipa kadiri zilivyosikilizwa. Ilipoingia soko la hisa Julai 1999 ilikusanya zaidi ya dola milioni 370. Januari 2000 ikaja na My.MP3.com: mwenye CD aliiingiza kwenye kompyuta kuthibitisha kwamba anayo, kisha akaisikiliza popote alipo kutoka kwenye seva za kampuni. Lilikuwa wingu kabla watu hawajaanza kuliita wingu. Lakini kampuni ilikuwa imenakili maelfu ya CD bila ruhusa. Kampuni ya muziki ya Universal ikashtaki, ikashinda, na MP3.com ikakubali kuilipa dola milioni 53.4. Mwaka uliofuata ikanunuliwa na Vivendi Universal. Mwishoni mwa 2003 ikauzwa tena, safari hii kwa CNET, na mwanzoni mwa Desemba nyimbo zikaondolewa.

Hili linauma kuliko kesi yenyewe. Waliogombana ni kampuni kubwa, na ugomvi ulihusu CD za kampuni kubwa. Waliotolewa nje ni wasanii wa kujitegemea, watu waliopakia kazi zao wenyewe kwa hiari na hawakuwa na neno lolote mahakamani. Walikuwa wapangaji, nyumba ikauzwa, nao wakahama.

IUMA nayo ilizimika, ila ilipata bahati: kuna watu waliowahi kunakili hazina yake, na mwaka 2012 maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive ikaifungua upya ikiwa na kazi za wasanii zaidi ya 25,000. Myspace haikubahatika hivyo. Huo ulikuwa mtandao uliowainua Arctic Monkeys na Lily Allen katikati ya miaka ya 2000, na kwa bendi nyingi ndogo ndiyo iliyokuwa anwani pekee. Machi 2019 ikajulikana kwamba wakati wa kuhamisha seva ilipoteza picha, video na sauti zilizopakiwa zaidi ya miaka mitatu nyuma. Makadirio yalitaja nyimbo milioni 50 za wasanii milioni 14. Mwezi uliofuata zikapatikana takriban 490,000, nakala ambazo kikundi cha watafiti kilikuwa kimejiwekea kwa ajili ya utafiti wao. Hata moja katika mia haikufika.

Wakati huo wasanii wengi walikuwa wameshahamia SoundCloud. Wasweden wawili, Alexander Ljung na Eric Wahlforss, waliianzisha mwaka 2007, wakaiendesha kutoka Berlin. Walitaka njia rahisi ya wanamuziki kutumiana kazi ambayo bado inapikwa. Wimbo ulichorwa kama wimbi la sauti, na msikilizaji aliandika maoni yake pale pale kwenye sekunde iliyomgusa, kwa hiyo prodyuza aliona ni mdundo gani uliowashtua watu. Kutoka humo wakatoka watu wakubwa. Chance the Rapper wa Chicago, aliyetoa Acid Rap bure mwaka 2013, alipokea Grammy Februari 2017 kwa Coloring Book, kazi iliyotoka mtandaoni tu, bila lebo. Jukwaani akaishukuru SoundCloud. Miezi mitano baadaye SoundCloud hiyo hiyo ikapunguza wafanyakazi 173, ikafunga ofisi za London na San Francisco, na kwa wiki kadhaa wasanii wakahofia yaliyowakuta wa MP3.com. Agosti ikaokolewa na wawekezaji waliotia dola milioni 169.5.

Dar es Salaam ilikuwa na wingu la aina yake. Singeli, muziki wa mdundo wa kasi, ilikua uswahilini, kwenye sherehe za mitaani ziitwazo vigodoro, na nyimbo zilirushwa kwa Bluetooth na memori kadi, simu kwa simu. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso, Mburahati, ukauzwa duniani kupitia Bandcamp, mtandao ambao wasanii huuza kazi zao moja kwa moja kwa wasikilizaji. Zikafuata albamu za Bamba Pana, Jay Mitta na Duke. Bandcamp ilikata asilimia 15 tu ya mauzo ya kidijitali, na kuanzia Machi 2020, janga la korona lilipofunga kumbi, ilitenga Ijumaa ambazo haikukata fungu lake kabisa. Kwa msanii asiye na matangazo wala meneja, hiyo ilikuwa heshima.

Kisha Machi 2022 Bandcamp ikatangaza kununuliwa na Epic Games, watengenezaji wa michezo ya kompyuta. Mwaka uliofuata Epic ikaiuza kwa Songtradr, na karibu nusu ya wafanyakazi wakaachishwa kazi. Katika muda usiofika miaka miwili, midundo ya Mburahati ikawa imekaa chini ya wamiliki watatu, na hakuna kati yao aliyehitaji kumuuliza Sisso lolote. Kinachotia moyo ni kwamba lebo ya Kampala ilikuwa imetoa kazi hizo kwa santuri na kaseti pia, na simu za Dar es Salaam bado zinarushiana.