Vichwa ukutani: Roosevelt, Bi. Edith na nyara za Afrika Mashariki

Mgeni anayeingia katika nyumba ya Sagamore Hill, huko Oyster Bay katika kisiwa cha Long Island, mashariki ya jiji la New York, hupokelewa na nyati. Ni kichwa cha nyati wa Afrika, kilichokaushwa na kutundikwa juu ya meko ya ukumbi wa mbele, pembe zake zikiwa zimetanda na macho yake ya kioo yakiutazama mlango.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Theodore Roosevelt, Rais wa 26 wa Marekani. Ndani yake mna vichwa vya baisoni na kulungu wakubwa wa Marekani, ngozi za simba na za dubu sakafuni, pembe za ndovu, na hata mguu wa ndovu uliogeuzwa kuwa pipa la karatasi chafu.

Wengi wameandika juu ya mtu aliyeziwinda nyara hizo. Walioandika juu ya mkewe, aliyeishi chini ya macho hayo ya kioo kwa zaidi ya nusu karne, ni wachache zaidi. Na wachache zaidi ya hao ni walioandika juu ya watu wa Afrika Mashariki ambao mikono yao ilizichuna na mabega yao yakazibeba hadi kwenye reli.

Mtoto aliyekusanya mafuvu

Roosevelt alizaliwa New York mwaka 1858. Alikuwa mtoto mgonjwa wa pumu, lakini mwenye hamu kubwa ya kuwajua wanyama. Angali mdogo alipata fuvu la sili lililotoka sokoni, akaanzisha nalo nyumbani kwao kile alichokiita jumba la makumbusho. Baadaye alifundishwa kukausha ndege na wanyama na fundi John Bell, aliyewahi kufanya kazi na mchoraji mashuhuri wa ndege, John James Audubon.

Familia yake ilipokwenda Misri katika majira ya baridi ya mwaka 1872 na 1873, kijana huyo wa miaka 14 aliwapiga ndege risasi kandokando ya mto Nile na kuwakausha mwenyewe. Hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuwinda katika ardhi ya Afrika. Kwa hiyo, harufu ya ngozi na dawa za kukaushia iliingia nyumbani mwake miaka mingi kabla hajawa na mke wa kuilalamikia.

Nyumba iliyokusudiwa mwingine

Sagamore Hill haikujengwa kwa ajili ya Bi. Edith. Roosevelt aliipanga pamoja na mke wake wa kwanza, Alice Hathaway Lee, na ilikuwa iitwe Leeholm, kwa jina la ukoo wa mke huyo. Lakini tarehe 14 Februari 1884, siku mbili baada ya kujifungua mtoto wa kike, Alice alifariki dunia. Siku hiyo hiyo, katika nyumba hiyo hiyo mjini New York, alifariki pia mama yake Roosevelt.

Mjane huyo alikimbilia magharibi, katika nyanda za Dakota, ambako mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda kuwinda baisoni. Huko alifuga ng'ombe na kuwinda. Wakati huo ujenzi wa nyumba uliendelea, ukakamilika mwaka 1885.

Mwezi Desemba mwaka 1886, mjini London, Roosevelt alimwoa Edith Kermit Carow, rafiki yake wa tangu utotoni. Mwaka uliofuata Bi. Edith akahamia Sagamore Hill. Aliingia katika nyumba iliyochorwa kwa ajili ya mwanamke mwingine, na ukutani akakaribishwa na mawindo ya miaka ya huzuni ya mumewe. Waswahili husema, ukipenda boga, penda na ua lake. Bi. Edith aliletewa boga na shamba zima.

Yeye hakuwa mwindaji. Alikuwa mpenzi wa vitabu, mtu wa faragha na mwenye mpango. Ndiye aliyeshika hesabu za nyumba, kwani mumewe alikuwa mkarimu na mzembe wa fedha. Mtu anayemwekea mumewe mkoba si mtu asiye na sauti nyumbani. Ikiwa vichwa vilibaki ukutani, vilibaki kwa ridhaa yake, au angalau kwa sulhu.

Vichwa vyaingia Ikulu

Roosevelt alishika urais mwezi Septemba mwaka 1901, baada ya kuuawa kwa Rais William McKinley. Mwaka 1902 Ikulu ya Marekani ilifanyiwa ukarabati mkubwa. Chumba cha dhifa za taifa kilipanuliwa, na katika kuta zake za mbao vikatundikwa vichwa vya wanyama. Jambo ambalo wageni wengi hawakulijua ni kwamba vichwa hivyo havikuwa mawindo ya Rais. Vilinunuliwa kama pambo, ili chumba kifanane na sifa ya mwenye nyumba.

Katika ukarabati huo huo, Bi. Edith naye aliweka alama yake. Katika ujia wa ghorofa ya chini alikusanya na kutundika picha za wake wa marais waliotangulia, na akauendeleza mkusanyiko wa vyombo vya mezani vya tawala zilizopita. Hivyo, katika jengo moja, wanyama walitazama chini kutoka kuta za chumba cha dhifa, na wanawake waliosahauliwa wakapewa kuta zao. Vichwa vile viliondolewa baadaye na waliomfuata Roosevelt madarakani. Desturi ya kutundika picha za wake wa marais imedumu.

Chumba cha Kaskazini

Nyumbani Oyster Bay, nyara zilizidi kuongezeka. Mwaka 1905 Roosevelt alijenga chumba kipya kilichochorwa na msanifu C. Grant LaFarge. Kiliitwa Chumba cha Kaskazini. Kilikuwa na urefu wa karibu mita 12 na upana wa mita 9, kuta zake za mbao za Marekani na za Ufilipino, na humo zilipangwa pembe, ngozi, bendera, vitabu na zawadi za wafalme.

Kwa upande mmoja chumba hicho kilikuwa ushindi wa mwindaji. Kwa upande mwingine kilikuwa suluhisho, maana nyara zilipata mahali pake. Chumba cha kupokelea wageni cha Bi. Edith kilikuwa milki yake. Kilikuwa na rangi za kung'aa, viti vyepesi na meza yake ya kuandikia, tofauti kabisa na giza la mbao na pembe lililotawala kwingineko. Lakini hata humo mpaka haukuheshimiwa kikamilifu. Sakafuni palitandikwa ngozi ya dubu mweupe, zawadi ya mvumbuzi wa ncha ya kaskazini, Robert Peary.

Safari ya mwaka 1909

Wiki chache baada ya kuondoka madarakani mwezi Machi mwaka 1909, Roosevelt alifunga safari ya Afrika Mashariki akiwa na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19. Bi. Edith alibaki. Kwake ulikuwa mwaka mzima wa kungoja barua, huku mume na mwana wakiwa katika nchi za simba na malaria.

Msafara ulitia nanga Mombasa mwezi Aprili, ukapanda reli ya Uganda kuelekea bara. Ulidhaminiwa na taasisi ya Smithsonian ya Washington, iliyotaka wanyama kwa ajili ya makumbusho yake mapya, na miongoni mwa waliochangia fedha alikuwamo tajiri Andrew Carnegie. Ulipita katika nyanda za Kapiti, Sotik, Naivasha, Meru na Uasin Gishu, kisha ukavuka Ziwa Victoria hadi Uganda na kushuka na mto Nile.

Msafara huo ulikuwa na wapagazi, askari, wapishi na washika bunduki zaidi ya mia mbili. Lugha ya kambi ilikuwa Kiswahili. Roosevelt mwenyewe aliitwa Bwana Mkubwa, jina aliloliandika kwa tahajia yake katika kitabu chake, African Game Trails, kilichotoka mwaka 1910. Kermit, kwa mavazi yake, aliitwa Bwana Maridadi. Kitabu hicho na makala zilizokitangulia vilichangia sana kulieneza neno "safari" katika lugha ya Kiingereza.

Wapagazi hawakubeba mahema na chakula peke yake. Msafara ulichukua tani nne za chumvi kwa ajili ya kuhifadhi ngozi. Kila mnyama aliyeangushwa alichunwa palepale, ngozi yake ikakwanguliwa mafuta na nyama, ikapakwa chumvi, ikaanikwa, ikafungwa, kisha ikabebwa. Ngozi mbichi ya ndovu ni mzigo wa kuwatoa watu jasho kwa siku kadhaa, nayo ikichelewa kuhudumiwa kwenye joto huoza. Vichwa tunavyoviona leo ukutani vilisafiri kwanza juu ya vichwa vya watu.

Roosevelt na Kermit waliorodhesha wanyama 512 waliowaua kwa bunduki zao wenyewe: baba 296, mwana 216. Miongoni mwao walikuwamo simba 17, ndovu 11 na vifaru 20. Jumla ya vielelezo vilivyokusanywa na msafara mzima, pamoja na panya, ndege, samaki na mimea, ilikaribia 23,000.

Idadi hiyo ilizua lawama hata wakati huo. Roosevelt alijitetea kwamba karibu kila mnyama alikwenda makumbusho au aliliwa na watu wa msafara, na kwamba yeye na Kermit walijiwekea nyara kama kumi na mbili tu. Hizo kumi na mbili ndizo zilizohusu nyumba ya Bi. Edith.

Tarehe 14 Machi 1910, Bi. Edith na binti yake Ethel waliwapokea wasafiri hao mjini Khartoum. Mke alimpata mumewe akiwa mzima. Nyara zilifuata kwa meli.

Mjane na nyara

Theodore Roosevelt alifariki dunia usingizini, Sagamore Hill, tarehe 6 Januari 1919. Miezi sita kabla ya hapo, mtoto wao wa mwisho, Quentin, rubani wa ndege za kivita, alikuwa ameuawa nchini Ufaransa. Kermit, yule Bwana Maridadi, alijiua akiwa jeshini Alaska mwaka 1943. Theodore mdogo alifariki kwa ugonjwa wa moyo huko Normandy mwaka 1944, wiki chache baada ya kutua ufukweni pamoja na wanajeshi wake.

Bi. Edith aliishi hadi tarehe 30 Septemba 1948. Kwa miaka 29 hapakuwa na mtu wa kumzuia kuviteremsha vichwa vile, kuvitoa zawadi makumbusho au kuvitia katika ghala. Chumba cha Kaskazini kilibaki kama kilivyokuwa.

Hapa ndipo historia ya nyumba hii inapoacha kuwa kichekesho cha mume na mke wanaogombania ukuta. Nyara iliyotundikwa huwa na maana moja mwindaji akiwa hai, na maana nyingine akishakufa. Mwanzoni inasema, "Mimi nilikuwako, nililenga, nilishinda." Baadaye, kwa mke aliyebaki, pembe zile zilikuwa alama ya mume na ya mwana waliokuwa pamoja Sotik na Meru, wakiwa na afya, wakicheka na wapagazi wao. Kuziondoa kungekuwa kuwazika mara ya pili.

Urithi wa nani?

Baada ya kifo cha Bi. Edith, nyumba ilinunuliwa na jumuiya ya kumkumbuka Roosevelt na kufunguliwa kwa umma mwaka 1953. Muongo uliofuata ilikabidhiwa kwa serikali ya Marekani. Kati ya mwaka 2011 na 2015 ilifanyiwa ukarabati mkubwa, na vichwa vikarudishwa mahali pake.

Lakini dunia iliyovizaa imebadilika. Kenya, ambako nyingi ya nyara za Afrika zilipatikana, ilipiga marufuku uwindaji wa kujifurahisha mwaka 1977. Tanzania huruhusu uwindaji kwa leseni, na sheria yake huyaita mabaki ya wanyamapori nyara za serikali. Nchini Uingereza, muswada wa kuzuia uingizaji wa nyara za wanyama walio hatarini ulipita katika Bunge la Makabwela mwaka 2023, ukakwama katika Bunge la Mabwanyenye.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kilichotokea. Katika eneo la Lado, kando ya Nile, Roosevelt na Kermit waliwaua vifaru weupe wa kaskazini tisa, wakati ambapo walikwishajulikana kuwa adimu. Mwezi Machi mwaka 2018, dume wa mwisho wa jamii hiyo, aliyeitwa Sudan, alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya. Aliwaacha majike wawili tu, binti yake na mjukuu wake.

Hata hivyo, ni Roosevelt huyo huyo aliyetenga mamilioni ya ekari za misitu na hifadhi nchini mwake, na kushiriki mwaka 1887 kuanzisha klabu ya wawindaji ya Boone and Crockett, iliyopigania sheria za kulinda wanyama. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja, kama vile pembe na picha za wanawake zilivyokaa ndani ya Ikulu moja.

Watalii wanaopita Sagamore Hill huambiwa nani aliwinda kila mnyama. Majina ya waliochuna, waliotia chumvi na waliobeba hayamo ukutani, ingawa Roosevelt aliwataja baadhi yao kitabuni mwake kwa heshima na mapenzi. Na Bi. Edith, ambaye hakuangusha hata swala mmoja, ndiye aliyeulinda mkusanyiko huo muda mrefu kuliko mwindaji mwenyewe.