Kinga Iliyopungua na Kinga Iliyopotoka

Tuchukue mfano wa mtu wa Ilembo, katika Manispaa ya Mpanda, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiponda mawe ya dhahabu. Vidole vyake vimekakamaa, ngozi ya uso imevutika, na pumzi yamwia fupi. Baada ya kupelekwa hospitali ya mbali na kupimwa, aambiwa kwamba maradhi yake yatokana na kinga ya mwili. Mtu huyo atarudi nyumbani akiamini kuwa ameambiwa ana UKIMWI. Tabibu hakusema uongo, wala mgonjwa hakukosea kusikia. Tatizo limo katika neno lenyewe, nalo lina historia.

Kukinga ni kitendo cha kale katika lugha yetu. Twakinga mvua isitulowanishe, na maji yake twayakinga kwa ndoo chini ya paa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, haikupita miaka mingi kabla ya Upungufu wa Kinga Mwilini kupata kifupisho chake. Ni istilahi chache zilizowahi kuenea upesi namna hiyo, kutoka kwa mtaalamu hata kwa mtoto wa shule. Lakini neno kinga likafungamana na upungufu, hata ikawa vigumu kwa msikilizaji kuwaza kinga yenye kasoro nyingine yoyote.

Maradhi ya mchimbaji wetu ni ya namna nyingine. Kinga yake haikupungua, bali imepotoka na kuushambulia mwili unaoimiliki. Jina la Kiyunani walilotumia matabibu wa Ulaya, skleroderma, maana yake ni ngozi ngumu tu. Mwaka 1945 tabibu Goetz, mjini Cape Town, alisema kwamba jina hilo halitoshi, kwani mapafu, moyo na umio hudhurika pia. Akapendekeza jina lenye kutaja mwili mzima. Hivyo jina linalotumiwa hivi leo duniani lilisahihishwa katika bara letu. Mwaka 1957, huko huko Afrika Kusini, Erasmus alieleza maradhi haya miongoni mwa wachimbaji wa dhahabu wa Witwatersrand, ambako vijana wa kusini mwa Tanganyika nao walikuwa wakiandikwa kazi. Vumbi la mwamba lenye silika limehesabiwa tangu hapo kuwa mojawapo ya visababishi. Kwa hiyo si vibaya tukianzia Mpanda, mji ambao reli yake kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya machimbo ya madini.

Mwaka huo huo wa 1957, mjini London, Isaacs na Lindenmann waligundua kitu kinachotolewa na seli ili kuvizuia virusi, wakakiita interferoni. Mwaka 1974 Cohen na wenzake walitoa jina la jumla, sitokini, yaani viendesha seli. Mwaka 1979 wataalamu waliokutana Uswisi walikubaliana juu ya interlukini, kwa maana ya kitu kilicho baina ya seli nyeupe za damu. Jina hilo lilichakaa mapema, kwani ilibainika kwamba seli nyingine nyingi hutoa na kupokea ujumbe huo. Miongoni mwazo ni seli zitengenezazo nyuzi za kolajeni, ambazo LeRoy alionyesha mwaka 1972 kwamba, zikitolewa kwa wagonjwa wa skleroderma, hutengeneza kolajeni kupita kiasi. Ujumbe wa kinga usiokoma ndio huzichochea, na ngozi hukakamaa.

Sisi twaona sitokini libaki kwa mtaalamu, na kwa mgonjwa litumike vijumbe vya kinga. Tunajua kwamba kijumbe ni yule akusanyaye fedha za upatu, lakini hilo halidhuru: naye hupokea huku na kupeleka kule. Ama kuhusu jina la ugonjwa, tungeliepuka ukakamavu, ambao ni sifa ya askari kwenye gwaride, tukasema ugonjwa wa kukakamaa mwili.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni dawa. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha tosilizumabu, izuiayo kijumbe kiitwacho interlukini-6, kwa wagonjwa wa maradhi haya ambao mapafu yao yamedhurika. Kuna na dawa nyingine za zamani za jamii hiyo. Vijikaratasi vya maelezo huziita dawa za kupunguza kinga. Ni nani, baada ya miaka arubaini ya kufundishwa kwamba kupungukiwa na kinga ni kifo, atakayezimeza kwa hiari? Mfasiri angeandika dawa za kutuliza kinga, kisha aongeze, kwa sentensi yake yenyewe, kwamba atumiaye dawa hizo huweza kupatwa na maambukizo kwa urahisi zaidi, naye akiona homa arudi zahanati siku hiyo hiyo.