Nani Anaita Chemko?

Usiku wa ngoma kwetu Lupiro kulikuwa na mtu ambaye hakuna aliyemtaja: mtoto wa kuchochea moto. Mimi nimewahi kuwa mtoto huyo. Unapewa mzigo wa mabua na vijiti, unaambiwa kaa hapa, usisinzie. Kazi yenyewe unaiona ya kishamba mpaka ngoma zinapoanza kulegea. Umande wa bonde la Kilombero, msomaji, si wa kutaniwa. Ngozi ikishaunywa, sauti inakuwa kama mtu anayekung'uta godoro. Hapo mpiga ngoma mkubwa anakutupia jicho tu, wala haneni. Unarusha mabua, moto unaruka juu, ngoma zinasogezwa jotoni, ngozi inakaza. Na papo hapo uwanja mzima unang'aa, nyuso za akina mama wa sangula zinaonekana zote, vumbi miguuni linaonekana. Mwanga umepanda, sauti imepanda, kwa jicho moja la mzee mmoja.

Nimeukumbuka moto huo juzi kwa sababu ya mshikaji wangu wa Ifakara. Alikwenda mjini kwenye tamasha kubwa, akarudi amedata. Taa, moshi, fataki, mabango ya video, vyote vinakwenda na wimbo bila kukosea hata nukta. "Kompyuta inafanya yote," akaniambia. "Hata msanii akizimia pale steji, shoo inaendelea." Akacheka. Mimi sikucheka sana. Nikajiuliza lini hasa lile jicho la mzee lilihamia kwenye mashine, na lilihama lote au nusu.

Tuanze na mtu wa nyumbani. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe, akiwa na Morogoro Jazz, alikwenda Japani kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho makubwa ya dunia, Expo '70, mjini Osaka. Fikiria bendi iliyozoea kumbi za Morogoro inatua mahali pale! Katika maonyesho hayo hayo msanifu majengo Arata Isozaki alikuwa ameuwekea uwanja wa sherehe mitambo ya taa na sauti iliyoongozwa kwa kompyuta, pamoja na roboti wawili wakubwa kama nyumba, Deme na Deku. Kwenye banda la Pepsi msanii Fujiko Nakaya alilifunika paa zima kwa ukungu uliotengenezwa na mashine. Ukungu! Sisi huku Kilombero tunao wa bure kila alfajiri. Lakini wa Nakaya ulikuja kwa amri, na hapo ndipo penye habari.

Osaka usiisahau, tutairudia.

Kabla ya hapo, taa nyingi za maonyesho ziliendeshwa kwa mikono. Kwenye majumba ya New York watu walisimama kando ya steji mbele ya makasha makubwa ya chuma yenye mikono ya kuvuta, wakipandisha na kushusha mwanga kwa kufuata karatasi. Mmoja akipiga chafya, alfajiri ya kwenye mchezo inachelewa. Mwaka 1975 mbunifu wa taa Tharon Musser alipotengeneza mwanga wa mchezo wa muziki A Chorus Line, alileta meza ya taa yenye kumbukumbu ya kompyuta, ya kwanza kutumika Broadway. Meza ilihifadhi kila sura ya mwanga: taa ipi iwake, kwa nguvu kiasi gani. Mtu mmoja akibonyeza kitufe, sura inayofuata inakuja yenyewe.

Ila angalia hapa, kwa maana wengi hupapita haraka. Mashine ya 1975 ilikuwa na kumbukumbu. Saa haikuwa nayo. Ilijua kinachofuata, haikujua lini. Ya "lini" ilibaki kwa mtu aliyetazama wachezaji, kama mzee wetu alivyotazama miguu ya akina mama.

Mwaka huo huo wa 1975 mitambo ya Kidatu ilianza kufua umeme kwenye Mto Ruaha Mkuu, hapa hapa juu ya bonde letu. Umeme ule ulipanda kwenye nguzo ukaelekea Dar es Salaam. Kwa hiyo vijana wa mjini walipokuja kuserebuka kwenye madisko ya miaka ya 1980, na baadaye Bilicanas, klabu iliyotamba Dar miaka ya 1990, sehemu ya zile taa nyekundu na bluu ilikuwa maji ya upande wetu. Sisi tulikuwa na koroboi. Sisemi kwa kinyongo (labda kidogo).

Zile taa za disko zenyewe ni ujanja mwepesi. Kisanduku kinasikiliza muziki, kinachambua sauti nzito, ya kati na nyembamba, kila moja inawasha rangi yake. Besi ikipiga, nyekundu inawaka. Kisanduku hakina kumbukumbu wala saa, kina sikio tu. Ndiyo maana DJ angeweza kubadili sahani ghafla na taa zikamfuata bila kulalamika.

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo. Mwaka 1981, kwenye uwanja wa kupigania mafahali Barcelona, kundi la Genesis lilianza ziara na taa za kampuni ya Showco ya Texas, taa zinazojigeuza na kubadili rangi zenyewe kwa amri ya kompyuta. Mwaka 1983 ikaja MIDI, lugha ya kuwezesha ala za umeme kuzungumza, kinanda cha kampuni hii kiamrishe cha kampuni ile. Wawili wanaohesabiwa baba zake ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi, mzaliwa wa Osaka. Ndiyo, Osaka ile ile. Kakehashi aliianzisha kampuni yake ya Roland mjini humo mwaka 1972, miaka miwili baada ya gitaa la Mbaraka kusikika pale.

Mwaka 1986 mafundi wa maonyesho wa Marekani wakakubaliana lugha ya taa, DMX512. Waya mmoja unapeleka namba 512, kila moja kati ya 0 na 255, na mzunguko mzima unarudiwa hata mara 40 kwa sekunde. Kila taa inasoma namba zake, za jirani inaziacha. Moja labda ni mwanga, ya pili rangi, ya tatu kugeuka kushoto. Hakuna uchawi.

Lakini lililomdatisha mshikaji wangu ni jambo lingine: saa. Katika maonyesho makubwa ya sasa namba za saa, dakika, sekunde na vipande vya sekunde zinakimbia ndani ya mitambo yote kwa pamoja. Zikifika mahali fulani, taa zinageuka, moshi unatoka, video inabadilika. Mpiga dramu ana mdundo wa kuhesabia sikioni. Haangalii watu, anafuata hesabu. Mashine sasa inajua kinachofuata na inajua lini.

Hapo ndipo ninapogoma kidogo. Wimbo wa dansi wa kwetu una sehemu mbili: unaimbwa polepole, ujumbe unaeleweka, kisha linakuja chemko, magitaa yanashikana na watu wanavunja mifupa. Chemko halina urefu. Urefu wake wanautoa watu. Mtu akipanda kumtunza mwimbaji, chemko linaongezwa. Ukumbi ukipoa, linakatwa. Mpe mtambo wa saa kazi hiyo, nao utalikata chemko kwenye sekunde yake hata kama mama mmoja ndio kwanza anafungua pindo la khanga atoe hela.

Sidai kwamba mashine ni adui. Meza yenye kumbukumbu bila saa, inayongoja kidole cha mtu, ingelipenda chemko. Fundi anaweza kutengeneza sura kumi za taa na kuzishika mkononi, akamtazama mpiga solo. Wako wanaofanya hivyo hata leo, kwenye nchi zilizovumbua mitambo hiyo. Sisi tunaokimbilia saa kwa sababu inaonekana ya kisasa tumeingia mlango wa nyuma.

Nimalizie na usiku mmoja. Nilikuwa mdogo, mpunga ulikuwa umeuzwa, bendi ikaja Lupiro kutoka mjini. Siku hizo hakukuwa na daraja. Lilikuja kufunguliwa rasmi 2018. Vyombo vilivushwa Mto Kilombero kwa kivuko, spika na jenereta zikiwa zimefunikwa turubai. Taa zilikuwa balbu kama nane zilizopakwa rangi, na fundi mitambo aliyekaa karibu na swichi. Jenereta lilikuwa dogo kuliko besi. Kila besi ikidunda, balbu zilififia, zikarudi, zikafifia. Tuliona ni ufundi wa hali ya juu! Nimekuja kujua ukubwani kwamba ulikuwa ni uchovu wa jenereta, lakini zilikwenda na mdundo, hakuna aliyekosa.

Wimbo ukaingia chemko. Mfanyabiashara mmoja wa mpunga akapanda kutunza, akashuka, akapanda tena. Mwimbaji akaonyesha kidole juu: endeleeni. Wakaendelea mpaka petroli ikaisha. Magitaa yakafa, balbu zikafa, giza tupu. Mpiga dramu hakuacha. Ngoma haina haja ya waya, na miguu ya watu ilikuwa bado inapiga chini, akawa anaifuata gizani kwa masikio.

Mtu mmoja akapaza sauti, "Mabua! Wapi mabua?" Nilikuwa nimeshaanza kukimbia.