Euless: Mawakala wa bima ya wazee kati ya sheria na kamisheni

Mji mdogo wa Euless, katika jimbo la Texas nchini Marekani, uko kati ya Dallas na Fort Worth. Sehemu ya uwanja mkubwa wa ndege unaoihudumia miji hiyo miwili imo ndani ya mipaka yake. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1974, na vijana walioajiriwa humo wakati huo, wakiwemo wahamiaji kutoka visiwa vya Tonga, sasa wamefikia umri wa kustaafu.

Mtu anapotimiza miaka 65 huingia katika Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani. Wengi wao hapo ndipo hukutana na wakala wa bima wa kujitegemea, mtu asiyeajiriwa na kampuni moja, bali anayeuza mipango ya makampuni kadhaa na kulipwa kamisheni.

Kanuni zinazomwongoza wakala huyo zilitungwa ili kumlinda mzee dhidi ya wauzaji walaghai. Hata hivyo, zimemwekea wakala kiwango cha juu cha malipo bila kumwekea cha chini.

Pengo lililozaa biashara

Rais Lyndon Johnson, mzaliwa wa Texas, alitia saini sheria ya Medicare tarehe 30 Julai 1965, mbele ya Rais wa zamani Harry Truman. Huduma zilianza tarehe 1 Julai 1966, mwaka uleule ambao Kenya ilianzisha mfuko wake wa taifa wa bima ya hospitali.

Medicare haikulipa kila kitu. Mzee aliachiwa sehemu ya gharama, ikiwemo asilimia 20 ya malipo ya daktari. Pengo hilo likazaa bima za nyongeza, na bima za nyongeza zikawaleta wauzaji milangoni.

Katika miaka ya 1970 iligundulika kwamba baadhi ya wazee walikuwa wameuziwa bima mbili, tatu au zaidi, zote zikilipia kitu kilekile. Bunge la Marekani lilipitisha viwango vya hiari mwaka 1980. Mwaka 1990 lilikwenda mbali zaidi kwa kupiga marufuku uuzaji wa bima zinazorudiana na kuagiza kuwa bima za nyongeza zipangwe katika aina 10 zinazofanana kwa kila kampuni. Sheria hiyohiyo iliyapa majimbo fedha za kuwapatia wazee ushauri wa bure.

Kwa wakala mwaminifu hayo yalikuwa mageuzi makubwa. Bidhaa ilikuwa moja kila mahali. Kilichobaki kulinganishwa kilikuwa bei, kampuni na uaminifu wake yeye mwenyewe.

Marufuku ya kubisha hodi

Mwezi Desemba 2003 Rais George W. Bush, aliyewahi kuwa gavana wa Texas, alitia saini sheria iliyoongeza bima ya dawa kuanzia mwaka 2006 na kupanua mipango ya makampuni binafsi iitwayo Medicare Advantage. Soko likapanuka, na malalamiko yakaongezeka. Mwaka 2007 makampuni saba yalikubali kusitisha kwa muda matangazo ya aina moja ya mipango hiyo.

Tarehe 15 Julai 2008 Bunge lilibatilisha kura ya turufu ya Rais Bush, aliyepinga kupunguzwa kwa malipo ya serikali kwa mipango ya binafsi. Sheria iliyopita siku hiyo ilimkataza wakala kwenda nyumbani kwa mzee bila kualikwa, kumpigia simu bila ridhaa yake, na kuwalisha watu chakula katika mikutano ya mauzo. Mambo ya kuzungumzwa yalipaswa kukubaliwa kabla ya kikao, na kamisheni zikawekewa mipaka.

Waswahili husema samaki mmoja akioza huoza wote. Adhabu ya walaghai wachache iliwaangukia hata mawakala wanaojulikana mtaani kwa majina yao.

Kanuni mpya zilifuata baada ya kuongezeka kwa matangazo ya televisheni na vituo vikubwa vya simu. Kuanzia Oktoba 2022 wakala alitakiwa kurekodi simu za mauzo na kuzihifadhi kwa miaka 10. Mwaka 2023 ikaongezwa kwamba, isipokuwa katika hali chache, saa 48 zipite kati ya mzee kukubali mada na kikao chenyewe. Kituo cha simu chenye mitambo yake kiliumudu mzigo huo. Wakala anayefanya kazi peke yake alilazimika kununua vifaa na kubadili ratiba.

Kesi ya Fort Worth

Mwezi Aprili 2024 serikali kuu ilitoa kanuni ya kuziba malipo ya ziada ambayo makampuni ya bima yaliyapa mashirika makubwa ya mauzo kwa jina la gharama za uendeshaji. Makundi ya wafanyabiashara hao yalikwenda mahakama ya serikali kuu mjini Fort Worth, mwendo mfupi kwa gari kutoka Euless. Tarehe 3 Julai 2024 Jaji Reed O'Connor alisimamisha vifungu vya malipo kabla havijaanza kutumika.

Kwa mwaka 2025 kiwango cha juu katika majimbo mengi, Texas ikiwemo, kilikuwa dola 626 kwa mteja anayejiunga na Medicare Advantage kwa mara ya kwanza, na dola 313 kwa kila mwaka unaofuata. Lakini kanuni inayozuia kampuni kuzidisha haiizuii kupunguza. Mwishoni mwa mwaka 2024 baadhi ya makampuni yalitangaza kwamba hayatalipa tena kamisheni kwa baadhi ya mipango.

Mzee aliyeandikishwa na wakala ataendelea kumpigia simu dawa yake inapoondolewa kwenye orodha, au daktari wake anapoacha kupokea mpango huo. Sheria imehakikisha kwamba wakala hatabisha hodi bila kualikwa. Haijahakikisha kwamba mzee atakapomwalika, atakuwepo wa kuja.